Usukani Umelala Baada ya Kuingia Shimo? Anza Kupima Nyuma

Shimo la masika linajifanya dimbwi. Huku kwetu tunakoendesha kushoto, mara nyingi liko ukingoni mwa lami, pale maji yanapokula barabara kidogo kidogo. Gurudumu la mbele unalikwepesha kwa sababu umeshaliona. La nyuma halifuati njia ileile, hukata kwa ndani likatumbukia peke yake. Unasikia kishindo, unasimama, unazunguka gari: upepo upo, rimu haijapasuka. Unashukuru Mungu, unaondoka. Kilomita mbili mbele unagundua kwamba nembo ya usukani imelala kushoto ilhali gari linakwenda moja kwa moja.

Mimi ilinikuta na Toyota IST, gurudumu la nyuma kushoto. Gereji ya kwanza niliyokwenda ililiweka gari kwenye mashine, fundi akageuza tairodi mbili za mbele (vile vyuma vinavyosukuma magurudumu yageuke), usukani ukanyooka, nikalipa, nikaondoka nikifurahi. Miezi miwili baadaye matairi yote mawili ya nyuma yalikuwa yamelika kingo za ndani hadi waya unachungulia. Hakuna aliyenidanganya. Niliomba usukani unyooke, ukanyooshwa. Kosa ni kwamba usukani ndio uliokuwa ukitoa taarifa, nami nikalipa pesa ili unyamaze.

Kwa hiyo haya ninayoandika yanafuata dalili, lakini kuna swali moja linalotangulia zote.

Kilichopinda kinazunguka au hakizunguki?

Tairi, rimu na habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) vinazunguka. Kikipinda kimoja kati ya hivyo, kila mzunguko una kilima chake, kwa hiyo unapata mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Ekseli, mikono ya chini, bushi (mipira ya kwenye viungo) na shokapu havizunguki. Vikipinda au kuchanika, gurudumu linabaki limeelekea pasipofaa muda wote bila kutetema: usukani unalala, mkia wa gari unaelea, tairi linalika upande mmoja. Ukiwa na mtetemo pamoja na usukani uliolala, una matatizo mawili, na alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) itakuponya moja tu.

Laiti ningejiuliza swali hilo mapema, nisingenunua habu mpya yenye beringi. Gari langu halikuwa na mtetemo hata kidogo. Habu iliyopinda ingetetema.

Usukani umelala, gari linakwenda sawa

Hii ndiyo dalili inayopoteza watu wengi. Magurudumu ya nyuma hayaongozwi na usukani, lakini ndiyo yanayoamua gari liende upande gani. Yakielekea kushoto kidogo, mkia unasukumwa kushoto, na dereva, bila hata kufikiri, anageuza usukani kushoto mpaka magurudumu ya mbele yaende sambamba na ya nyuma. Gari sasa linakwenda moja kwa moja, ila bodi yake imekaa mshazari barabarani, linatembea kama kaa.

Karatasi ya IST yangu, ile niliyoipata baadaye kwenye mashine ya magurudumu manne, ilionyesha tairi la nyuma kushoto limefungua nje (sehemu yake ya mbele inatazama nje ya gari) dakika 45 za pembe, na la kulia limefunga ndani (sehemu ya mbele inatazama ndani) dakika 5. Digrii moja ina dakika 60. Kushoto linaelekeza kushoto dakika 45, kulia linaelekeza kushoto dakika 5, wastani ni dakika 25 kuelekea kushoto. Kwenye gari dogo usukani huzunguka kama digrii 15 ili magurudumu ya mbele yageuke digrii 1, kwa hiyo dakika 25 za nyuma zinalaza usukani digrii 6 hivi. Ukingoni mwa usukani ni kama sentimita 2, ndicho hasa nilichokuwa nikikiona.

Hesabu ya matairi ndiyo iliyonitia uchungu. Matairi mawili ya ekseli moja yakivutana, tofauti yao wanagawana. Jumla ya dakika 40 za kufungua, kila moja likabeba dakika 20. Pembe hiyo ni ndogo kiasi kwamba jicho halioni, lakini maana yake ni kwamba katika kila kilomita tairi linaburuzwa pembeni karibu mita 6. Ndiyo sababu tairi la kulia, ambalo hata halikugusa shimo, nalo lililika.

Kabla ya kulaumu nyuma, ondoa wasingiziwa. Pima upepo wa matairi yote manne yakiwa ya baridi. Tafuta barabara tambarare, kwa sababu lami nyingi zimeinamishwa kushoto ili maji yatoke, na gari lolote zima litateleza kushoto kidogo ukiachia usukani. Kisha tofautisha mambo mawili ambayo watu huyaita jina moja. Gari *linalovuta* ni lile ambalo ukiachia usukani linaondoka njiani. Hapo mshukiwa wa kwanza ni upepo, tairi lenyewe, au breki iliyoganda. Badilisha matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto: mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi. Gari ambalo *usukani umelala* lakini ukiuachia hivyohivyo ulivyolala linashika njia, hilo ndilo la kupimwa nyuma. Tairodi ya mbele iliyopinda nayo hulaza usukani, kwa hiyo dalili peke yake haihukumu. Kinachohukumu ni kipimo.

Jaribio la maji

Mwaga ndoo mbili za maji juu ya sakafu ya simenti kavu au lami safi, pita hapo polepole moja kwa moja umbali wa mita 10, usukani usiuguse kuurekebisha. Shuka uangalie alama. Alama za nyuma hazilazimiki kukaa juu ya za mbele, kwa kuwa magari mengi upana wa mbele na wa nyuma hautofautiani sana lakini haulingani. Unachotafuta ni ulinganifu: kama kushoto alama ya nyuma iko ndani ya ile ya mbele kwa sentimita 1, na kulia iwe hivyohivyo. IST ya toleo la kwanza kama yangu ina milimita 2370 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na kwa pembe yangu ya dakika 25 mkia wote ulikuwa umehamia kushoto karibu milimita 17. Kwenye simenti ilionekana wazi bila mashine yoyote.

Kamba na timazi

Hapa tumia muda. Uwanja uwe sawa, gari liwe tupu, upepo sawa. Lisukume mbele na nyuma mita mbili ili magurudumu yakae, usilipime mara tu baada ya kulishusha kwenye jeki.

Funga kamba mbili za nailoni, moja kila upande wa gari, zikae kwenye usawa wa katikati ya habu na zipite mbele na nyuma ya gari kwenye vigingi au viti vizito. Sogeza kamba mpaka umbali kutoka kamba hadi katikati ya habu ya mbele kushoto ulingane na mbele kulia, na wa nyuma kushoto ulingane na nyuma kulia. Mbele na nyuma huenda zisifanane, usizilazimishe. Kamba zikishakaa hivyo, na upana kati yake mbele ya gari ukalingana na wa nyuma ya gari, zimekuwa sambamba na mhimili wa gari.

Sasa kwa kila gurudumu la nyuma pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa karibu zaidi na kamba, gurudumu limefungua nje. Ukiwa mbali zaidi, limefunga ndani. Kwenye rimu ambayo kingo zake zimeachana milimita 400 hivi, milimita 1 ya tofauti ni kama dakika 9. Andika, kisha sukuma gari nusu mzunguko wa gurudumu na upime tena. Namba zikibadilika, rimu au habu imepinda, turudi kwenye swali la kinachozunguka. Zikibaki zilezile, tatizo liko kwenye visivyozunguka.

Kwa ulalo wa juu na chini, ambao mashine huuandika kemba, azima timazi ya fundi mwashi. Ining'inize usoni mwa rimu, upande wa nje, pima pengo la juu na la chini. Milimita 7 ni digrii 1 hivi. Usishtuke ukikuta kichwa cha tairi kimelala ndani digrii moja pande zote mbili, magari mengi madogo yametoka kiwandani hivyo. Linganisha kushoto na kulia. Kwangu kulia ilikuwa digrii 1, kushoto digrii 2 na dakika 10.

Shimo lina saini yake. Kishindo hulipiga gurudumu kwa chini na kulirudisha nyuma, kwa hiyo kichwa cha tairi hulala ndani na sehemu ya mbele ya tairi hufunguka nje. Ukizikuta hizo mbili kwa pamoja upande uliogonga, hujakosea gari.

Kusoma namba za nyuma

Iwe umetumia kamba au mashine, usitazame namba moja moja. Zitazame jozi.

Upande mmoja tu ukiwa umeharibika na mwingine uko katika kipimo, kitu cha upande huo kimepinda: mkono, ncha ya ekseli, au bamba linaloshika habu.

Pande zote zikiwa zimeharibika kwa kiasi kinacholingana, lakini moja limefungua na jingine limefunga, mfano kushoto dakika 20 nje na kulia dakika 20 ndani, ekseli haijapinda. Imezunguka nzima. Bushi ya upande mmoja imechanika, au bolti imelegea, ekseli ikarudi nyuma. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Upande mmoja ukiwa mfupi au mrefu kwa karibu sentimita moja au zaidi, umeshapata jibu. Hiyo ni habari njema, maana bushi ni rahisi kuliko ekseli.

Nini kifanyike, kwa aina ya gari

Vitz, IST, Passo, Fielder isiyo 4WD, Honda Fit na Mazda Demio zina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, boriti inayojipinda kidogo inayounganisha magurudumu mawili. Nyuma hapo kiwanda hakikuweka sehemu ya kurekebisha. Fundi akikwambia "nyuma hairekebishiki", anasema kweli, lakini wengine hulitumia hilo kama sababu ya kutopima. Haigeuzwi kwa spana, ila inapinda, na kilichopinda hutibiwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kibati chembamba mfano wa kabari, mafundi wanaita shimu, kinachowekwa kati ya habu na bamba la ekseli ili kugeuza gurudumu kidogo. Kwa kosa dogo kinafaa, mradi kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo na bolti nne za habu zishike nyuzi za kutosha. Washa (vile visahani vya bolti) za kuokota mezani zilizopachikwa bolti mbili ni balaa, kwa sababu habu haikai bapa. Kosa likizidi digrii moja mimi sishauri kibati. Ya pili ni kubadilisha ekseli, na hapo wengi wetu tunakwenda Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, kutafuta ya mtumba kutoka Japani. Hakikisha inatoka kwenye gari la aina ileile, yenye au isiyo na ABS (breki zinazozuia gurudumu lisigande) kama yako. Nenda na kamba na futi. Inyooshe kamba kutoka bamba hadi bamba, tazama kama kuna michubuko mipya au rangi iliyopakwa juzi. Ekseli ya mtumba nayo inaweza kuwa iliwahi kuingia shimo la kwao.

Njia ya tatu ipo, nayo nimeiona kwa macho: ekseli inachomwa kwa gesi mpaka iwe nyekundu, inavutwa kwa jeki na mnyororo. Inanyooka kweli. Lakini boriti hiyo imetengenezwa ijipinde na kurudi kila siku, na chuma kilichochomwa ovyo hakina tena nguvu ileile. Sitaki familia yangu ikae juu yake kwa mwendo wa 100.

Subaru Forester, Impreza, Mark X, RAV4 na X-Trail kila gurudumu la nyuma lina mikono yake. Hapa mara nyingi kuna bolti yenye kichwa cha duara lisilo katikati, ukiizungusha mkono unasogea na tairi linafunga au kufungua. Weka alama ya chokaa au rangi kabla ya kuigusa ujue ilikuwa wapi. Ikiwa imeshika kutu, imwagie mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia. Ukiilazimisha itakatika ndani ya bushi na kazi ya nusu saa itakuwa ya siku nzima. Kabla ya kurekebisha chochote, lala chini ulinganishe mikono ya kushoto na ya kulia ukitumia rula ndefu. Mkono uliopinda ubadilishwe. Kurekebisha namba kwa bolti ilhali mkono umepinda kutakupa karatasi nzuri na gari bovu.

Hilux, Hiace nyingi na pikapu zenye springi za mabamba, kagua yubolti (bolti zenye umbo la U) na ile bolti ya katikati inayobana mabamba. Ikikatika, ekseli huteleza juu ya springi upande mmoja, na gari hutembea kaa kiasi kwamba wanaokufuata nyuma wanaona kabla yako.

Kwa gari lolote lenye bushi za mpira kuna jambo moja ambalo hurukwa karibu kila siku. Bolti za bushi zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo likining'inia kwenye jeki. Ukikaza likining'inia, mpira unashikwa ukiwa umejipinda tayari, na bushi mpya itachanika mapema. Na ukiwa chini ya gari, jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa. Weka stendi, kwenye ardhi ngumu.

Dalili nyingine, kwa ufupi

Mtetemo kuanzia 80 hadi 110 unaousikia kwenye kiti: gurudumu la nyuma. Ukiusikia mikononi: la mbele. Inua gurudumu, funga kipande cha waya kwenye tofali, kisogeze kikaribie kugusa ukingo wa rimu, zungusha. Pengo likicheza zaidi ya milimita 2, rimu imepinda. Toa rimu, fanya hivyohivyo kwenye uso wa habu ujue ni ipi.

Mvumo unaopanda na mwendo: beringi, au tairi lililoota meno kama msumeno. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi kwenda na kurudi. Likiwa laini upande mmoja na linakwaruza upande mwingine, ni alaimenti. Ikiwa mvumo unabadilika unapokata kona, ni beringi.

Mkia unaelea ukibadilisha njia, hasa kwenye mvua: nyuma imefungua nje, au shokapu imevuja. Hili lisisubiri.

Mlio wa "gu" kwenye matuta: kichwa cha shokapu au bushi.

Upepo unapungua polepole: mdomo wa rimu umepinda. Rimu ya chuma hugongwa ikarudi. Ya aloi ikague isiwe na ufa.

Nundu ubavuni mwa tairi: nyuzi za ndani zimekatika. Badilisha leo.

Taa ya ABS: waya wa kihisio cha gurudumu umekatika au umechomoka kwenye kishindo.

Kwenye mashine

Uliza kabla hujaingiza gari kama vichwa vya mashine vinafungwa magurudumu manne. Vikifungwa mawili ya mbele tu, washukuru uondoke. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Nyuma irekebishwe kwanza, kisha mbele ifuate mwelekeo wa nyuma, na usukani ufungwe katikati kabla tairodi hazijaguswa. Ukiona fundi anaanza na tairodi huku namba za nyuma zina rangi nyekundu, msimamishe kwa upole: "Fundi, samahani, naomba tumalize nyuma kwanza." Kama gari lina VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) na taa yake imewaka baada ya kazi, huenda kihisio cha pembe ya usukani kinahitaji kuwekwa upya kwenye sifuri kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

IST yangu ilibadilishwa ekseli. Karatasi ya mwisho iliandika kushoto dakika 8 ndani, kulia dakika 10 ndani, tairodi za mbele zikarudishwa karibu na pale zilipokuwa kabla ya gereji ya kwanza kuzigusa. Ile habu niliyoinunua bure iko stoo, kwenye boksi lake.